Coral Hajaoga

Jumanne, 9 Oktoba
Leo Coral ametimiza siku arobaini na tatu duniani, thelathini na sita hapa nyumbani. Hajaoga hata mara moja tangu tumtoe hospitali. Tunampangusa kwa kitambaa, mkono leo, mguu kesho, kama tunafuta kioo cha taa. Mke wangu Noreen anasema shingoni ananuka maziwa yaliyochacha. Nimenusa. Kweli tupu.

Tatizo ni maji. Maji ya kisima hiki yanatoka chini kabisa ya ardhi yakiwa yameshachemka, yananuka yai viza. Koki ya maji baridi ndiyo inayounguza. Koki ya maji ya moto, ambayo tangi lake tunalizima kila mwaka Septemba ili maji yapoe humo, ndiyo yenye maji ya kupoa. Kila mtu wa huku anajua hivyo toka utotoni. Noreen ni mtu wa mji wa Ballarat, kusini, na mkono wake bado unakwenda kwenye koki ya kwao. Anaogopa atamuunguza mtoto. Mimi siogopi. Ila si leo.

Lori la barua limeleta barua ya mama mkwe. Anasema kama mambo yanatushinda, Noreen afungashe, arudi na mtoto kwake mpaka mtoto atembee. Noreen ameisoma mara tatu, akaitia mfukoni mwa aproni. Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Ndege ya nesi inatua Alhamisi ya wiki ijayo. Nesi akiiona ile shingo, ataandika. Akiandika, mama mkwe amepata sababu. Basi, lazima mtoto aoge kabla ya siku hiyo. Nina mpango.

Alhamisi, 11 Oktoba
Mazoezi kwa boga. Nimelipima kwenye mizani, uzito sawasawa na Coral. Nikalichora macho ili tulizoee. Beseni juu ya meza, godoro sakafuni. Mimi kichwa, Noreen sabuni. Liliteleza kabla hatujafika mgongoni. Likagonga ukingo wa meza, likalikosa godoro, likapasuka.

Noreen alilia. Nikamwambia, hilo ni boga. Akasema anajua ni boga.

Chakula hakitupwi hapa, kwa hiyo nililipika. Hakuligusa. Nilikula peke yangu, nikaanza na upande usio na jicho.

Ijumaa, 12 Oktoba
Nimepata dawa! Nimebadilisha vishikio vya koki. Chekundu sasa kiko kwenye maji yanayounguza, cha bluu kwenye maji ya kupoa. Ballarat tupu. Noreen alipoona alinishika bega. Wiki nzima hakuwa amenishika bega.

Jumamosi, 13 Oktoba
Ilikuwa siku yenyewe. Beseni mezani, taulo tatu, vipimajoto vitatu: cha kupimia ng'ombe, cha nyama ya kuoka, na cha marehemu baba cha kutengenezea bia. Nikajaza maji. Miaka thelathini na moja mkono wangu umefungua chekundu kupata maji ya kupoa, na leo ulifungua chekundu.

Cha ng'ombe kilifika mwisho wake, arobaini na mbili, kikagota. Cha nyama kilisema sitini na tatu. Cha bia hakina namba, baba alikiandika kwa penseli "inafaa" na "haifai". Kilisema haifai. Nikasema cha ng'ombe ndicho cha kuaminika, tuyapoze maji kidogo tu. Noreen akasema bata aingie kwanza.

Bata wa plastiki, zawadi ya mama mkwe. Alielea vizuri. Halafu shingo yake ikaanza kulainika, ikainama polepole mpaka mdomo ukagusa maji. Tukatazamana. Coral alikuwa mikononi mwa Noreen, hana nguo, anapiga miayo.

Noreen alimfunga taulo, akaenda chumbani, akafunga mlango. Nimerudisha vishikio kama vilivyokuwa. Nimekaa jikoni na bata.

Jumapili, 14 Oktoba
Upepo siku nzima. Noreen ameshusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati. Nilimuuliza, akasema anapangusa vumbi. Vumbi lipo kila mahali nyumba hii, kwa nini aanze na sanduku?

Nilikwenda kisimani nikakaa peke yangu. Mwaka wa mafuriko nilikaa juu ya paa siku mbili na mbwa, na sikuogopa hivi. Nilifikiria kamba ya kuanikia nguo ikiwa haina nepi hata moja. Kabla ya Noreen nilikuwa naongea na mbwa. Mbwa alikuwa msikivu, lakini hajibu.

Jumatatu, 15 Oktoba
Saa tatu asubuhi ni saa ya kasuku, ndivyo tunavyoiita. Wanawake wa mashamba yote ya ng'ombe wanaingia kwenye redio ya upepo, wanapiga soga nusu saa, na wanaume tunajifanya hatusikilizi. Nikaona nitumie akili. Nikashika kipaza sauti, nikasema hapa ni shamba la Kisima cha Tisa, nina swali la mifugo. Mtu ana ndama mchanga sana, anataka kumwogesha, maji yawe na joto gani?

Mmoja akasema vuguvugu. Mwingine akasema ndama haogeshwi. Kisha akaingia Merle Haggarty, jirani yetu wa karibu, kilomita tisini, mama wa watoto sita, mwanamke ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi. Akauliza huyo ndama ana meno? Nikasema bado. Analala vizuri? Nikasema anaamka amka. Anaitwa nani? Nikasema hana jina, ni ndama tu.

Hapo Coral akalia, nyuma yangu kabisa, na kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe.

Halafu nchi nzima ikacheka. Niliwasikia mmoja mmoja, wengine hata siwajui. Merle akasema, "Baba Coral, ndama wako ana sauti nzuri. Ova."

Nikazima. Nilidhani Noreen atanikasirikia. Akaniomba niwashe tena. Alisema hajasikia watu wakicheka tangu Agosti.

Jumatano, 17 Oktoba
Tuliliona vumbi la gari saa nzima kabla halijafika. Merle. Akasema amekuja kuturudishia mkebe wetu wa keki. Mkebe si wetu. Hatuna mkebe.

Akanawa mikono. Akafungua koki zote mbili kwa pamoja, macho yakiwa dirishani, mdomo ukiongea habari za mvua. Akachovya kiwiko kwenye sinki. Akaongeza kidogo. Akamtia Coral ndani. Hakuuliza kipimajoto, ingawa nilikuwa nimesimama pale nimevishika vyote vitatu. Shingo, makwapa, nyuma ya masikio. Dakika nne. Coral akatulia, akamtazama, akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza, kwenye sinki la vyombo, kwa Merle Haggarty! Nilitaka kuona wivu, lakini Noreen naye alikuwa anatabasamu, na lile nalo sikuwa nimeliona siku nyingi.

Merle alikunywa vikombe vitatu vya chai. Akasema mtoto wake wa kwanza alimpangusa kwa kitambaa miezi miwili mizima. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu hakukuwa na mtu. Noreen aliweka kikombe chini, akamshika mkono. Wakakaa hivyo. Mimi nikaenda kukagua uzio ambao hauna tatizo.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Akaniambia, "Sikiliza, mwanangu. Si lazima mtoto anuke ndiyo mniite. Semeni njoo tunywe chai, nitakuja." Nikaitikia. Sikumwelewa vizuri. Mtu anaendesha kilomita tisini kwa ajili ya chai?

Noreen alisimama barazani mpaka vumbi la gari likaisha. Kisha nyumba ikawa kimya, kuliko hata Jumapili. Mkebe umebaki mezani.

Alhamisi, 18 Oktoba
Nesi alikaa dakika kumi na moja. Shingo safi. Uzito mzuri. Akasema wazazi wanaonekana wamechoka, lakini hiyo haiandikwi. Ndege ikaondoka.

Noreen ameitia barua ya mama mkwe kwenye jiko. Sanduku limerudi juu ya kabati. Nimelia kidogo bandani, mbwa ni shahidi.

Jioni alimwogesha Coral mwenyewe, kwa kiwiko. Mimi nilipewa kazi ya taulo. Akaniuliza kama nadhani Merle atakuja tena. Nikamweleza ukweli: aje kufanya nini, mtoto sasa ni msafi, tatizo limekwisha. Alipanga nepi polepole sana.

Jumatatu, 22 Oktoba
Nina mpango.

Asubuhi nilimkuta Noreen anamkata Coral kucha, bila woga, anaimba. Alikuwa amemaliza tatu. Nikamwomba aache hapo hapo. Zimebaki saba. Zinatosha.

Saa tatu nikashika kipaza sauti. Hapa Kisima cha Tisa, nina swali la mifugo. Mtu ana ndama, kwato zimerefuka, na mwenyewe anaogopa kuzikata. Afanyeje?

Akaingia Merle, akauliza ni yule yule? Nikasema hapana, huyu ni mwingine kabisa. Kisha akasema, kwa sauti ya upole ambayo sikuitarajia, kwamba amekumbuka alisahau mkebe wake kwetu, atapita Jumatano kuuchukua.

Noreen yuko jikoni anavunja mayai ya keki. Nimefuta vumbi kwenye kiti cha tatu. Redio nimeizima kwa ushindi. Hakuna hata mmoja aliyeshtukia hila yangu.