Ombi la Kupiga Marufuku Swali la Bi Mwanamkuu

Ndugu Mwenyekiti wa Bodi,
Chama chetu cha Akiba na Mikopo,
Tabora.

Kabla hujaendelea kusoma, nakusihi uifungie barua hii kabatini na usimwonyeshe mtu, hata mama watoto. Mkataba wangu ni wa miezi sita, na minne imekwisha.

Mimi ndiye karani wa mihtasari. Katika semina ya elimu ya fedha, mtaalamu tuliyemwalika alieleza vizuri sana kwamba mtikisiko wa uchumi ni kama kiangazi: hauna mwenyewe, unampata kila mtu, na dawa yake ni wanachama kubana matumizi. Hapo akasimama Bi Mwanamkuu, fundi cherehani wa Isevya, ambaye nyumba yake tunainadi Jumamosi kwa mkopo uliomshinda. Akauliza, "Mwanangu, sisi tumepoteza. Nani kapata?"

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtaalamu alijibu kuwa hilo si swali la kiuchumi. Bi Mwanamkuu hakukaa. Akasema, "Babu wa babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, akarudi na kidonda begani. Mwenye pembe hakutoka barazani, na ndiye aliyejenga. Kile nacho kilikuwa kiangazi?" Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naandika.

2. Swali hili linaambukiza. Jana nilimwamkia mlinzi wetu, Mzee Masolwa. Akaitikia, "Marahaba. Haya, nani kapata?" Huko Gongoni, Shomari muuza saruji anawauliza hivyohivyo wateja wanaolalamikia bei, ilhali bei kaipandisha yeye.

3. Meneja aliniagiza nijaze jibu kwenye muhtasari. Kwa utiifu nikalitafuta katika majalada. Mwaka ule wa mtikisiko tulipandisha riba ya wanachama kutoka asilimia kumi na nane hadi ishirini na sita. Nyongeza yote ilikwenda kwa mfuko wa Dar es Salaam unaotukopesha sisi, nao mwaka huohuo ukawagawia wenye hisa faida kubwa kuliko miaka yote. Sikukusudia kujua. Naomba makarani tukatazwe kujumlisha na kutoa, tubaki na kuandika tarehe.

4. Tukikubali kwamba mtikisiko una mwenyewe, kesho watu watauliza nani aliamua huyu apate kiasi gani na yule kiasi gani. Keshokutwa watataka nao wawepo mezani linapoamuliwa. Semina zetu zitakosa la kufundisha.

Kwa hiyo naomba swali lifutwe, na anayeliuliza alipe faini. Meneja ameshaandaa muhtasari mpya wenye maneno mawili tu, "Wanachama walielewa." Unasubiri sahihi yangu. Ameniambia kwamba nisipotia sahihi, nisijisumbue kuhusu ile miezi miwili iliyobaki.

Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, dereva wako, na mama anayewapikieni chai mkikutana.

Wako mtiifu, mwenye hofu,
Revocatus Shigela

Nyongeza: Muhtasari mpya nimeurudisha bila sahihi. Meneja kasema mnada utafanyika hivyohivyo. Basi Jumamosi ukinihitaji usije ofisini. Mwambie bodaboda akupeleke Isevya, kwa Bi Mwanamkuu fundi, nyumba yenye mlango wa kijani. Tutakuwa tumekaa mlangoni, na hapiti mtu mpaka ajibu swali. Hutapata shida kunitambua: mimi ndiye mwenye tai, anayetetemeka.