Mzizi wa Thelathini na Sita

Jumatatu, 3 Juni 2024
Furaha! Papa Léopold, mfanyabiashara wa Butembo, baba ya Kanyere wangu (Kanyere bado hajui kwamba ni wangu), anataka sakafu ya depo mpya, ghala la bidhaa zake, huko Simi-Simi. Iwe mraba, mita za mraba thelathini na sita. Mimi fundi, nikajitolea mbio. Jephté, mwalimu wa hesabu, ambaye naye anammezea mate Kanyere, akaniambia nitafute kwanza racine carrée. Mzizi wa mraba! Nikajibu naujua vizuri. Jioni nikakaa kando ya mto nikiwaza: kila namba ina mzizi wake chini ya udongo, kimya, kama muhogo.

Jumanne, 4 Juni
Nimeupata! Mzizi wa nne ni mbili. Na mbili ni nusu ya nne. Donc mzizi ni nusu! Wa thelathini na sita ni kumi na nane. Nikafumba macho, nikamwona Kanyere akivuka sakafu yangu, mbali, mdogo kama yangeyange.

Jumatano, 5 Juni
Nimepigilia vigingi na kuvuta kamba, mita kumi na nane kila upande. Imepita katikati ya mihogo ya jirani, Mama Adeline. Imezunguka choo chake. Imefika barabarani, watu wa toleka wanashuka kwenye baiskeli na kuivuka kwa heshima. Mama Adeline aliuliza nani ameruhusu ning'oe mihogo yake. Nikamwambia: hesabu.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Papa Léopold alikuja na Kanyere. Jephté nyuma yao. Mzee alitazama kamba, kisha akasema:
“Néhémie, mimi niliomba depo. Uwanja wa ndege, Simi-Simi iko nayo tayari!”
Jephté akachora mraba mdogo mchangani, safu sita za visanduku sita. Akasema mzizi si nusu, ni upande: namba inayojizidisha yenyewe mpaka izae mraba. Ilikuwa nzuri, nakiri. Upande ukijiita, mraba ukiitika. Kazi akapewa yeye. Kanyere alicheka hadi machozi. Machozi! Hayo ni mapenzi.

Jumapili, 9 Juni
Mama Adeline, huku akinisimamia nipande mihogo upya, amesema wazazi wa Jephté wameenda kujitambulisha kwa Papa Léopold, kumposa Kanyere. Moyo wangu ukaelea na magugu ya maji, ukishuka mto kuelekea Isangi.
Lakini Padri Timothée anatafuta fundi wa tangi la parokia! Mchemraba, mita za ujazo ishirini na saba. Jephté akaniuliza kwa upole kama safari hii nimeelewa. Alors, mimi si mjinga. Nusu ni ya mraba tu. Mchemraba ni theluthi.
Tisa! Kesho naanza kuchimba.