Jiwe la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4
Siku tano kabla ya mtihani wa uchongaji. Sina kitu! Tunatakiwa kuleta sanamu ndogo isiyo na umbo la mtu wala mnyama, halafu tueleze malighafi, utengenezaji na maana yake. Yangu imepasuka vipande vitatu. Mkuu wa shule keshasema: bila cheti, kazi aliyoniahidi ya kufundisha sanaa anampa mwingine. Mwenzangu darasani, Fundi Mbao, yeye anaipaka tu sanamu yake mafuta ya mwisho huku akiniuliza kama nalala vizuri. Mnafiki.

Jumanne, tarehe 5
Nimepata! Bafuni, jiwe la mama mkwe la kusugulia visigino. Jeusi, lina vitundu, limebonyea upande mmoja kama mto uliolaliwa. Nimelibandika kwenye kibao kwa gundi.

Alhamisi, tarehe 7
Mama mkwe anatafuta jiwe lake. Anauliza kwa upole, na upole huo ndio unaoniua. Nimemsaidia kutafuta mpaka uvunguni. Kisha nimeandika maelezo: jiwe la volkano, siku arobaini za patasi na msasa, subira ya mwanamke.

Ijumaa, tarehe 8
Balaa. Mke wangu kamwalika mama yake kwenye mtihani. Nimesema ngazi za ukumbi ni nyingi mno. Mama mkwe kajibu kwamba kwa ajili ya mkwewe atapanda hata kwa kutambaa.

Jumamosi, tarehe 9
Fundi Mbao kafaulu. Zamu yangu, jasho mpaka kwenye soksi. Mtahini kapitisha kidole kwenye ule mbonyeo, akataka kujua ni patasi gani inayoleta ulaini huo. Nikakohoa. Nikaomba maji. Nyuma, mama mkwe akasimama.
"Mwalimu, usimtese mkwe wangu bure. Huo ni mguu wangu wa kulia. Miaka kumi na tisa, kila jioni, tangu nilipofiwa na mume nikabaki kulima peke yangu."
Mtahini akavua miwani, akasema hajawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo. Mama mkwe kaalikwa kulionyesha jiwe kwenye maonyesho. Mimi sifuri.

Jumapili, tarehe 10
Mke wangu haongei nami. Mama mkwe kanimiminia chai, akanisihi nichonge kwa mikono yangu mwenyewe. Nimeona aibu kwelikweli. Nimeahidi.
Mtihani wa marudio ni baada ya wiki mbili. Nikiwa jikoni na majuto yangu, nimeuona ubao wa kukatia mboga wa shangazi yake mke wangu, anayekaa nasi. Una mikwaruzo elfu, kila mmoja na lake! Unaingia kwenye begi bila shida. Na shangazi, nashukuru, hapendi kabisa kutoka nyumbani.