Kitabu cha Falsafa Tulichogawana kwa Kuchana

Kambi ya wajenzi
Tarehe 3 Machi, mwaka wa tano tangu niage nyumbani

Ndugu Mhariri wa vitabu vya falsafa,

Pokea salamu za mtu mwenye saruji kwenye kucha. Mimi ni kibarua wa zege, shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo ndimi yule "mtu wa kawaida" mliyemwandika kwenye jalada. Kwa heshima zote naomba mwache kutuuzia falsafa sisi tulio mbali na kwetu.

Kitabu chenu tulikinunua kwa mchango wa chumba kizima. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kungoja zamu, tulikichana, kila kitanda kikapata sura yake. Madhara ni haya:

1. Mpishi wetu aliangukiwa na sura isemayo tamaa huzaa mateso. Tangu hapo nyama tunaisikia harufu tu. Tukinung'unika anasema, "Ndugu zangu, nawapunguzia mateso."

2. Fundi mwashi alipata sura ya shaka. Sasa haiamini pima maji. Msimamizi alimuuliza, "Ukuta umenyooka, haukunyooka?" Akajibu, "Mkubwa, kwanza una hakika upo?" Amehamishiwa kubeba mchanga, nao anaubeba kwa mashaka.

3. Sura zenu zinagombana. Moja inasema binadamu yuko huru, nyingine inasema hana uhuru hata wa kujikuna. Waliozisoma hawasalimiani. Sisi kabla ya kujenga hukubaliana ukuta unapita wapi. Kwa nini wanafalsafa wasikubaliane kwanza, ndipo mchapishe?

4. Hili ndilo lililonikaa kooni. Mimi nilipata sura ya ahadi. Haikuniingia, nikaituma nyumbani kwa mke wangu, aliyenizidi kusoma. Kila mwaka humwambia nitarudi mambo yakikaa sawa, naye hujibu, "Haya baba watoto, tunakungoja." Safari hii alinipigia simu: "Nimesoma. Wanasema ahadi isiyo na siku ni salamu tu. Kumbe miaka yote hii ulikuwa unanisalimia?" Nikamwambia nahangaika kwa ajili yao. Akasema, "Hiyo iko sura ya ngapi? Nitumie nayo niisome." Kisha akaniambia mtoto wetu wa mwisho ameanza kumwita mjomba wake baba. "Nitajie siku, la sivyo niambie nisikungoje."

Ndugu Mhariri, kabla ya kitabu chenu nyumba yangu ilikuwa imetulia, hasa kwa kuwa sikuwamo.

Basi kitabu kiondolewe madukani. Hilo likishindikana, kila sura ibandikwe onyo kwamba isitumwe kwa mke.

Nisalimie wapiga chapa, wafunga vitabu, na wanafalsafa wenyewe kama huwa wanapokea salamu bila kuzichunguza.

Ni mimi, niliyechoka lakini bado nina adabu,
Kibarua wa zege, kitanda cha juu karibu na mlango

N.B. Nimemtajia siku: tarehe mosi Juni, jengo liishe lisiishe. Akacheka kile kicheko chake nilichokuwa nimekisahau. Sasa anataka kitabu kizima. Tafadhali kitumeni kwa anwani ya nyumbani, nimeiandika nyuma ya bahasha, na mkishone imara. Kikichelewa si neno. Nitakuwepo kukipokea.