Jamhuri ya Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti
Bibi anahamia kwetu Alhamisi. Mama ameamua apewe chumba changu, mimi nikalale sebuleni na mdogo wangu, anayekoroma kama jenereta. Nilitaka kukataa. Nikasema sawa, Mama. Kisha nikabandika tangazo mlangoni, kwa lugha mbili ili dunia nzima ielewe: chumba hiki ni nchi huru. Rais ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti
Baba ni afisa uhamiaji. Nilidhani atalichana tangazo langu. Alilisoma lote, akasema hongera, mheshimiwa. (Kusema kweli, nilifurahi.) Wakati wa chakula akanizuia mlangoni pa sebule, akauliza viza yangu iko wapi na nimekuja kwa shughuli gani. Nikasema kula. Akasema hiyo si sababu ya kutosha. Nimekula kikiwa kimepoa.

Jumatano, 6 Agosti
Nchi ya mtu mmoja haichukuliwi kwa uzito. Nimetunga katiba: atakayelala humu usiku mmoja ni raia, na raia wote ni sawa. Nilikuwa namlenga mdogo wangu, nipate jeshi. Amekubali. Sasa anakoroma humu humu. Najuta kuwa na jeshi.

Alhamisi, 7 Agosti
Bibi kafika, magoti yanamuuma, ngazi zimemmaliza. Nilisimama mlangoni nimweleze habari za mipaka. Akaniambia, mume wangu, hebu nipishe nikae. Nikampisha. Masanduku nikabeba mwenyewe. Nimemwandikisha kama mkimbizi, ionekane ni sera. Akauliza kama wakimbizi hupewa mto. Nimempa wa Ikulu.

Ijumaa, 8 Agosti
Bibi kaamka raia. Kavaa miwani, kaisoma katiba neno kwa neno, kaitisha uchaguzi kabla ya chai. Kura mbili kwa moja. Mdogo wangu anasema Bibi ana hadithi, mimi nina sera tu. Rais mpya kanishukuru kwa utumishi wangu, akaniomba nikitoka nifunge mlango, kuna baridi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimelala sebuleni. Nimetafakari sana kosa langu: uchaguzi. Nyuma ya kochi kuna nafasi ya mtu aliyekunja miguu, na leo imekuwa ufalme. Mama kauliza nafanya nini huko. Nikasema hakuna kitu, Mama. Mdogo wangu kachungulia, akaomba cheo. Nimemfanya mrithi wa kiti changu cha enzi.