Nahodha wa Bwawa la Birongo

Jumatatu, 11 Agosti
Leo picha tisa. Tisa! Praful, jirani yangu wa duka la vitambaa mjini Kisii, ametimiza miaka sitini na anasherehekea baharini. Amekodi mashua ya tanga, nyeupe pe, anatoka Mombasa kwenda Lamu na mkewe Rekha. Tangu Ijumaa picha zinamiminika kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mtaa wetu. Praful na kofia ya nahodha. Rekha akikata keki juu ya mashua. Nimeandika "hongera" na kuzima simu.

Mimi natimiza hamsini Jumamosi hii. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 12 Agosti
Esnah, mke wangu, ameuliza. Amesema Sabato hii mchungaji Nyangate ataniita mbele, kanisa liniombee, kisha twende nyumbani tule kuku na ugali wa wimbi. Ameninunulia shati jipya. Amesema, Baba Lewis, siku hiyo usichelewe, nakuomba. Nikasema sawa. Moyoni nilikuwa nikipima: kuku na ugali upande huu, mashua upande ule. Haviko sawa hata kidogo.

Jumatano, 13 Agosti
Wazo limenijia nikipanga bidhaa dukani. Nauza vyombo vya plastiki. Mitungi huelea! Nimempigia Osoro, ana bwawa kubwa la samaki Birongo, mbali na kanisa letu la Nyakoe. Mitungi kumi na sita, mbao juu yake, mlingoti wa mkaratusi, na tanga litakuwa turubai la kuanikia mahindi. Picha moja tu, ipigwe kutoka chini ili migomba isionekane. Osoro ameuliza ni ya nini. Nimemjibu ni mambo ya kibiashara.

Sikuweza kungoja. Nimetangaza kwenye kundi kwamba Jumamosi nitaadhimisha miaka yangu hamsini nikiwa majini. Wakauliza wapi. Nikajibu, mahali pa faragha. Praful akanitumia dole gumba. Hata hilo dole lilikuwa na majivuno.

Ijumaa, 15 Agosti
Chombo kiko tayari. Osoro alikuwa amechonga kasia, tena zuri. Nimelikataa. Katika picha za Praful hakuna kasia hata moja. Watu wa maana husukumwa na upepo. Kofia ya nahodha nimeipata kwenye mitumba. Ilikuwa ya bendi ya shule, nimebandua manyoya.

Esnah nimemwambia kesho nitapitia kwa mgonjwa Birongo, tukutane kanisani saa nne. Amenikumbusha shati.

Jumamosi, 16 Agosti
Saa mbili asubuhi nilikuwa majini na kofia yangu. Osoro ukingoni na simu yangu, akipiga picha. Picha nzuri, naapa. Halafu upepo ukatulia. Chombo kikasimama katikati ya bwawa kama ng'ombe aliyekataa kuingia joshoni. Siwezi kuogelea. Osoro pia hawezi. Akaenda sokoni kutafuta kamba, akarudi mikono mitupu: ni Sabato, wenye maduka wako kanisani. Saa nne ikapita. Esnah akaanza kupiga simu. Nikamkataza Osoro kupokea; angesema nini? Alipiga mara kumi na moja. Saa sita ikapita. Osoro akaketi akala ndizi.

Saa tisa nikasikia nyimbo. Nikafurahi, watu hao wanakuja. Kisha nikazitambua sauti: kwaya yetu. Mto wetu wa Nyakoe umechafuka, kwa hiyo mchungaji amekodi basi kuleta ubatizo kwenye bwawa la Osoro. Inasemekana tangazo lilitolewa Sabato iliyopita. Mimi nilikuwa nje nikitazama picha za Praful. Osoro alijua. Anasema hakudhani mambo ya kibiashara yangegongana na ya kiroho.

Kanisa zima likajipanga ukingoni. Mchungaji akaingia majini hadi kiunoni, na hapo ndipo upepo uliporudi. Ukanisukuma moja kwa moja hadi kwake, turubai limejaa kweli kweli. Akanidaka kwa kola. Walicheka wote, hata waliovaa kanzu za ubatizo. Esnah hakucheka. Alikuwa na lile shati mkononi. Aliketi kwenye nyasi akalia.

Jumapili, 17 Agosti
Esnah amezungumza leo. Baba yangu alifariki akiwa na miaka arobaini na tisa. Kaka yangu, arobaini na saba. Nilijua, ila sikuwahi kuhesabu. Yeye alihesabu. Alimwahidi Mungu kwamba nikifika hamsini atasimama nami mbele ya watu ashukuru. Jana tuliitwa mara tatu, akasimama peke yake, na simu yangu haipokelewi. Alidhani nimekufa.

Nimeona aibu, aibu ya kweli. Nimemwomba msamaha. Mchungaji amekubali shukrani ifanyike Sabato ijayo. Nimemwahidi Esnah: sitashindana na mtu tena.

Jumatano, 20 Agosti
Praful na Rekha wamekuja kutusalimu. Praful anasema video ya mchungaji akinidaka, ambayo mtu wa kwaya aliirusha kwenye kundi, imemfurahisha kuliko bahari. Anasema alitapika kutoka Kilifi hadi Lamu, na zile picha zote zilipigwa mashua ikiwa imefungwa gatini. Anasema ananionea wivu kwa kuwa na mke wa kuniombea hivyo. Aliyasema kwa Kigusii, kizuri kuliko changu. Esnah akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mimi nimekitafuta kicheko hicho siku nne, yeye amekipata kwa sentensi moja. Kisha Praful akaomba waje kwenye shukrani yangu, na keki wataleta wao, ya ghorofa tatu. Esnah amekubali kwa furaha.

Ghorofa tatu! Hamsini ni yangu, shukrani ni yangu, halafu macho yote yawe kwenye keki ya Praful? Nitafika mapema. Nitavaa shati. Ahadi yote nitaitimiza, lakini kwa miguu siendi. Nimempigia Osoro kumuuliza kama anajua mtu mwenye farasi. Hamjui. Ila kuna punda mmoja pale Nyakoe, mrefu, mwenye afya, na kasoro yake ni moja tu: akisikia kwaya hutimua mbio.

Nimemwambia amlete.