Saluti ya Vibuyu

Serikali ya Mfalme, katika huruma yake isiyokwenda likizo, iliwatangazia watu wote wa mwambao wa ziwa, kuanzia Ikolo hadi Katumba Songwe, kwamba malalamiko ya mdomo yamefutwa. Mwenye shida aicheze, aiimbe au aifinyange. Sanaa, lilisema tangazo, ndiyo njia ya kistaarabu ya kudai haki, tena haiwapigii wakubwa kelele wakati wa chai.

Aliyelisoma gulioni ni Hezroni, karani mkalimani wa Boma, kifua mbele, soksi zimevutwa hadi magotini. Maneno mengi yalikuwa ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, ila vifungu viwili vya mwisho Hezroni alivitunga mwenyewe, na aliviona vitamu kuliko vyote. Cha kwanza: saluti ya Mfalme ikipigwa, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, asimame wima, kofia mkononi, asisogee wala kusema mpaka iishe. Cha pili: wachezaji wao waendelee, ngoma isije ikakatika. Bwana Shauri alivitia sahihi bila kubadili nukta, na tangu hapo Hezroni akawa anatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Wa kwanza kumfuata alikuwa shangazi yake Damari, mfinyanzi. Shida yake ilijulikana ufukwe mzima. Boma lilikuwa limezungushia ua udongo wa vyungu ili lifyatue matofali ya nyumba ya kupumzikia wageni ambao hawajawahi kuja. Masika yalikuwa yanabisha hodi. Mvua ikitangulia kabla udongo haujaingia ndani, hakuna vyungu, na bila vyungu hakuna mpunga wa kubadilishana navyo. Damari alitaka kumweleza Bwana Shauri. Hezroni akamkumbusha kwa upole kwamba kueleza kumefutwa.

"Basi tutacheza," alisema Damari. "Ila nikuulize, mwanangu. Anayebeba kikapu naye ni mchezaji?"

"Shangazi, yeyote anayefuata mdundo ni mchezaji kisheria."

"Ndaga fijo," Damari akamshukuru kwa lugha ya nyumbani, akaenda zake. Hezroni alimwonea huruma kweli, lakini huruma haikuwa na kifungu.

Siku ya sherehe Bwana Shauri aliwekewa kiti kando ya ua wenyewe. Likaingia kundi la malipenga, ngoma ya vijana wanaojipanga kijeshi na kupuliza vibuyu, likiongozwa na Kenani, aliyejipa cheo cha Jenerali bila kumwomba mtu. Nyuma yao walinengua wanawake wenye majembe na vikapu. Bwana Shauri alifurahi, akasema hilo ni igizo zuri la bidii ya kazi. Damari akafungua lango la ua. Bwana Shauri akauliza kama na hilo ni sehemu ya ngoma, na kabla Hezroni hajatafsiri jibu, Kenani aliinua kifimbo.

Saluti ya Mfalme ikalia. Ilitokea puani kidogo, lakini hakuna aliyethubutu kusema siyo yenyewe.

Bwana Shauri akasimama, kofia mkononi. Hezroni akasimama. Wanawake wakachimba kwa mdundo. Saluti ilipoisha, Bwana Shauri aliwageukia askari wake, akawahi kusema "Kamat..." na kifimbo kikapanda tena. Askari wakabana visigino kwa utii wa ajabu, maana mama zao walikuwa miongoni mwa wachezaji.

Wakachimba mpaka kikapu cha mwisho kikaingia chini ya paa. Ndipo mvua iliposhuka, nzito, kutoka ziwani. Damari akarudi mikono mitupu, akasimama mbele ya karani.

"Kifungu chako kimetulisha, mwanangu," akamwambia.

Hezroni aliona fahari na hofu pamoja, ila sheria yake ilimkataza kujibu.

Vijana wa malipenga wakaanza kupokezana, nusu wakaenda kula, nusu wakaendelea kupuliza. Bwana Shauri alibaki wima, maji yakimwingia shingoni, mtu mwenye shida ambayo kwa tangazo lake mwenyewe hakuwa na njia ya kuisema. Kisha Hezroni akaona goti la mkubwa wake likitikisika, kwanza kwa aibu, halafu kwa kufuata mdundo.